Viti Vilivyopeana Mgongo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa mto. Mto wa sponji, umevalishwa kitambaa cha rangi ya machungwa kilichoshonwa kwa mkono, umefungwa kwa leso kama mtoto mchanga. Mama mmoja mnene ameubeba kifuani anaingia nao kliniki. Nikajiuliza, huyu amekuja kutibiwa ama kuhamia?

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Mama huyo aliitwa Truphena. Tulimzika Jumamosi iliyopita kule Lambwe, kwenye boma la marehemu mumewe. Kama sauti yangu iko chini, ongezeni redio. Mnanijua. Mimi huwasomea matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, kisha nanyamaza. Shule niliiacha darasa la sita na kuongea mbele za watu sijazoea. Lakini mkubwa wetu hapa studio alisema anayefaa kumzungumzia Truphena ni mtu aliyemjua. Mimi nilimjua. Nilikuwa nikifika kliniki ile ile kwa shughuli zangu.

Truphena alikuwa fundi wa makochi mjini Migori. Ndiyo, mama, fundi wa makochi. Ukipita kibanda chake ulimkuta amepiga magoti, misumari mdomoni, nyundo mkononi, na bado anakusalimia. Misumari haikumzuia kuongea. Bintiye, Caren, aliniambia hivi: "Mama alikuwa na vitu viwili ambavyo havikuisha. Sukari na maneno."

Sukari aliishi nayo miaka mingi. Na ndiyo iliyompeleka kliniki kila mwezi, siku ya Jumanne. Kituo chenyewe kiko pembeni mwa mji. Jina silitaji, nimeshaonywa. Jumanne ni siku ya wagonjwa wa kudumu. Sukari, presha, figo, sikoseli ile ya damu inayouma mifupa, wote Jumanne.

Sasa nisikilizeni. Mtu wa malaria anakaa kwenye benchi la hospitali asubuhi moja, anapewa dawa, anasahau. Mgonjwa wa kudumu anakaa hapo maisha yake yote. Yule mtu ambaye mgongo unamuuma, miguu imevimba, mkojo haumpi nafasi, ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote. Na alikuwa anakalia nini? Benchi la mbao lisilo na mgongo. Choo kiko ng'ambo ya uwanja. Ukienda chooni, jina lako linaitwa. Ukirudi, umeshapitwa. Ndiyo maana Truphena alibeba mto wake.

Lakini shida yake kubwa haikuwa benchi. Shida yake kubwa ilikuwa Kerosi.

Kerosi ni mume wa Caren. Ni Mkuria wa Kehancha, ana duka la mbegu hapa Migori, na ana presha. Truphena ni mama mkwe wake. Kwa Kijaluo tunasema maro. Mtu na maro wake hawakai benchi moja. Hawatazamani usoni. Hawagusani. Wakuria nao wana heshima hiyo hiyo. Najua wako wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Truphena na Kerosi hawakusema hivyo. Kwao ilikuwa ni adabu, basi.

Kwa hiyo Kerosi akiwa ndani, Truphena yuko nje. Truphena akiwa ndani, Kerosi yuko nje, nyuma ya tangi la maji. Huko nyuma ya tangi mtu hasikii jina lake likiitwa. Mara nyingi Kerosi alirudi nyumbani bila dawa. Mtu mzima, mwenye presha, anarudi mikono mitupu kwa sababu ya benchi!

Tukasikia habari njema. Mfadhili mmoja akatoa msaada, chumba kipya cha kusubiria kijengwe. Kamati ya kituo ikakaa. Mwenyekiti wake ni Bwana Oliver. Mchoraji wa ramani akaitwa kutoka Nairobi. Akaja na gari, akapima, akaondoka. Hakumuuliza mgonjwa hata mmoja. Hata kwa salamu.

Na unajua alichora nini? Duara. Viti vyote kwenye duara, wagonjwa watazamane, wafarijiane.

Duara! Wasikilizaji wapendwa, huku kwetu Migori! Chumba kizima mkwe na mkwe macho kwa macho, asubuhi mpaka mchana! Jumanne ya kwanza nusu ya watu walikuwa nje. Wengine hawakuwa na wakwe mle ndani. Hawakutaka tu kumtazama jirani akiugua, wala jirani awatazame wao. Ndani kumepakwa rangi ya kupendeza na viti havina watu. Nje jua linawaka na watu wamejaa.

Truphena akaenda kwenye mkutano wa kamati. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa.

Akasema, "Mwenyekiti, mimi na mkwe wangu hatuwezi kukaa tunatazamana kama majogoo wanaotaka kupigana."

Bwana Oliver akamjibu, "Mama Caren, mila ziacheni nyumbani. Hapa ni hospitali."

"Nyumbani hazinisumbui, mwenyekiti. Nyumbani nina milango miwili."

"Basi mmoja wenu abadilishe siku."

"Sukari ni Jumanne. Presha ni Jumanne. Ni mimi niliyezipanga?" Kisha akamwinamia. "Na wewe, mwenyekiti, mama mkwe wako wa kule Homa Bay, mnakaa naye duara?"

Watu walicheka mpaka sista akachungulia. Bwana Oliver akakohoa. Akasema, "Tutaliangalia."

Wataliangalia. Sijui ni nani aliyewafundisha viongozi wetu neno hilo. Wanaliangalia kama mtu anayeangalia mvua kupitia dirishani.

Truphena hakungoja. Lakini msidhani alikuwa malaika mwenye majibu yote. Alianza kwa kukosea. Alileta makochi yake mawili, yale ya kuzama, yenye vitambaa vyeupe mgongoni kama ya sebuleni. Alijivuna nayo sana. Mzee Zablon, mwenye magoti mabovu, akakaa. Akazama. Jina lake likaitwa, naye hawezi kuinuka. Walimvuta wanaume watatu.

"Nitoeni!" alilia. "Huyu mama ameniingiza kwenye mdomo wa kiboko!"

Truphena alibisha wiki nzima kwamba Zablon hajui kukaa. Hakuna aliyemkubalia. Mwishowe akayarudisha makochi kibandani, akanuna.

Kisha ikaja Jumanne ile.

Truphena alikuwa ndani, amekaa kwenye duara. Kerosi alikuwa nje, nyuma ya tangi. Jina la Kerosi likaitwa. Likaitwa tena. Truphena akapaza sauti, "Yuko kwa tangi! Mwiteni!" Hakuna aliyetoka. Mara tukasikia kishindo, ndoo ikibingirika.

Kerosi alikuwa ameanguka. Amelala kwenye matope ya tangi, mdomo umekwenda upande. Truphena alifika wa kwanza. Halafu akasimama. Nilimwona. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa, na miguu imekataa. Huyu ni mkwe wake. Hamgusi. Kisha akaurusha ule mto.

"Wekeni chini ya kichwa chake!" alipiga kelele. "Mshikeni! Mimi siwezi, mshikeni nyinyi!"

Mimi ndiye niliyeudaka. Niliuweka chini ya kichwa cha Kerosi.

Kerosi alipona. Mkono wa kushoto ulibaki mzito, lakini alipona. Truphena hakuupokea tena ule mto. Akasema hataki tena kubeba mto kwenda hospitali. Hospitali ndiyo iwe na pa kukaa.

Safari hii aliuliza. Alimwendea Mzee Zablon kwanza, na kwake hiyo ilikuwa kama kumeza msumari. Alipima magoti yake kwa utepe wa fundi, wanagombana muda wote. Aliwauliza akina mama wa figo. Aliuliza hata watu wanaokaa kimya. Kisha akatengeneza viti vilivyoinuka, vya sponji ngumu, vyenye mikono ya kushikilia unapoinuka. Akaliondoa duara, akavipanga humo humo kwenye chumba kipya, safu mbili zilizopeana mgongo. Migongo yake mirefu, hata kichwa cha mwenzako hukioni. Mlango huku, mlango kule. Mkwe anaingia kwa mlango wake, na mama mkwe kwa mlango wake. Wote wako ndani, na wote wanasikia majina yao. Na pembeni, ukutani, akaweka kiti kimoja kirefu ambacho mtu anaweza kujinyoosha juu yake. Hakueleza ni cha nani.

Bwana Oliver akatazama akasema, "Itafanana na stendi."

"Stendi watu hukaa, mwenyekiti. Kwenye duara lako walikimbia."

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Hapana. Chumba kikafungwa kwa kufuli, eti kizinduliwe upya. Tunangoja mgeni rasmi aje kukata utepe. Jumanne ikapita. Mgeni ana kikao. Jumanne nyingine, mgeni amesafiri. Viti viko ndani, tunaviona kwa dirisha, na sisi tuko nje juani!

Truphena akaja Jumanne iliyofuata na mkasi wake wa kukatia ngozi za makochi. Akamwambia mlinzi, "Arasa, mwanangu, fungua."

"Mama, nitafutwa kazi. Utepe haujakatwa."

"Utepe ni huu?" Akaukata. "Umekatwa. Fungua."

Arasa akafungua. Mzee Zablon akaingia wa kwanza, akakaa, akainuka mwenyewe, akakaa tena. Akasema, "Sasa huyu mama amejifunza kazi." Truphena akamwonyesha mkasi.

Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo hata yeye hakulipanga. Yeye na Kerosi walikuwa hawajawahi kuongea zaidi ya salamu ya mbali. Sasa walikaa migongo imeelekeana, ubao mmoja katikati, hawaonani. Na wakaanza kuongea.

Kerosi mwenyewe ameniambia. "Alianza yeye. Aliuliza, 'Baba Liz, umekula?' Nikamjibu, 'Nimekula, mama.' Akasema, 'Unadanganya, tumbo lako nalisikia huku.' Miaka miwili tukaongea hivyo. Alinijua kuliko mama yangu. Uso wake siujui vizuri mpaka leo."

Miaka miwili, wasikilizaji wapendwa. Kila Jumanne ya kliniki. Mwaka huu figo zake zikachoka. Alihamia Homa Bay kwa dada yake, na huko ndiko alikofariki, usingizini.

Kwenye mazishi Lambwe kulitokea minong'ono. Watu wote walikaa wakitazama jeneza. Kerosi peke yake alichukua kiti, akakiweka kando ya hema, akakaa ameligeuzia jeneza mgongo. Wazee wakaguna. "Huyu mkwe ana dharau gani?" Caren akasimama, macho mekundu, akawaambia, "Mwacheni. Anakaa na mama."

Kwako Caren, kwako Kerosi, kwa Liz mjukuu wake, na kwa dada wa marehemu kule Homa Bay, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na kwako Mzee Zablon, pole, sasa utagombana na nani?

Na ninyi mnaojenga, tafadhali. Kabla hamjaita mchoraji, kabla hamjanunua rangi, nendeni mkakae na wagonjwa siku moja. Kaeni mpaka mgongo uume. Kisha ulizeni. Msitwambie mtaliangalia. Na sisi wengine tujiulize, ni nani yuko nyuma ya tangi leo, jina lake linaitwa na hasikii?

Limebaki jambo moja. Nilisema nilikuwa nikifika pale kwa shughuli zangu. Siku moja nilifika mifupa ikiniwaka, siwezi kusimama. Truphena aliniangalia tu. Akanilaza kwenye kile kiti kirefu cha ukutani, akanifunika leso yake, akasema, "Lala, nyathina." Mtoto wangu. Hakuniuliza jina wala ugonjwa, na mimi sikusema. Sijawahi kusema, kwake wala kwenu, miaka yote hii nikiwasomea matangazo.

Nina sikoseli. Nilizaliwa nayo, na ndiyo iliyonitoa darasa la sita. Jumanne nitakuwa kliniki, si kwa shughuli nyingine. Kile kiti kirefu ni changu.