Mkono Kutoka Buffalo

Benchi letu liko nje ya duka la Kiafrika hapa Columbus, Marekani, mahali ambapo jua la Machi hufika bila joto lolote. Tukitoka zamu ya usiku ghalani tunapitia hapo na kahawa zetu, tunaamua mambo yaliyoishinda dunia. Jumatano ile jambo lilikuwa mkono. Mashine ya kiwanda kule Louisville ilimkata Mzee Gaspari, mwenzetu wa benchi, mkono wa kulia, na sasa bintiye Fides, mtafiti wa uhandisi chuo kikuu huko Buffalo, anataka aende Jumamosi kujaribu mkono waliouunda yeye na wenzake. Mzee hataki, na hasemi kwa nini. Mimi nilitaka aende. Wenzangu walileta midomo tu.

Aliyeanza ni Yonasi, dereva wa folklifti za kunyanyulia mizigo, tunayemwita Profesa. Akafuata Rudasingwa wa milima ya Kivu Kusini, ambaye ni Mzee Bon kwa sababu ya Kifaransa chake mtakachokisikia hapa chini.

Profesa: — Mzee, fikiri. Ndani mna kompyuta. Fides anabonyeza kule Buffalo, wewe huku unapunga!

Bon: — Bon, na betri? Ikizimika katikati ya salamu, utabakia umeshika muntu mpaka Pasaka.

Profesa: — Ndiyo maana wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

Bon: — Nani atalamba plastiki?

Mimi: — Nyie! Mtoto ameuhangaikia miaka mitatu!

Bon: — Donc yeye njo boss?

Gaspari: — Bosi wake ni mama mmoja, profesa wa kweli. Aliyeupa akili ya kompyuta, mwanamke. Wa nyaya, mwanamke. Nimeuona kwenye simu. Uliokota yai, ukaliweka mezani. Halikupasuka.

Bon alivua kofia kabisa, na baridi ile.

Bon: — Yesu! Mi na mikono yangu yote mbili, mayai naangushaka.

Profesa: — Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lakini siku ya ufufuo, mzee, utafufuka na mkono upi? Na ukimsalimia mchungaji, salamu ni yako au ya Fides?

Hapo akatokea dukani Mariya, aliyefika juzi tu kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, mfuko wa unga kifuani, naye ametusikia.

Mariya: — Shikamoo, baba. Ukimshika mtoto wako kwa mkono huo, utasikia joto lake?

Profesa akachungulia kikombe chake.

Gaspari: — Ndicho ninachoogopa, binti. Mkono uliokwenda ndio uliombeba Fides tulipovuka mto tukikimbia. Nikimshika kwa huu wake, halafu iwe kama nimeshika koleo?

Nikampigia Fides palepale, spika wazi, nikamuuliza swali la Mariya.

Fides: — Sijui, baba.

Gaspari: — Hujui? Na kusoma kote huko?

Fides: — Hakuna anayejua bado. Vidoleni tumeweka vifaa vya kuhisi, lakini sisi wote tuna mikono yetu. Hatuwezi kujua kama joto linafika. Sikuiti kwa huruma, baba. Nakuhitaji kazini. Nitakushika mimi wa kwanza, na wewe useme kweli.

Mzee akafuta macho kwa mkono wa kushoto.

Gaspari: — Profesa, gari lako linafika Buffalo?

Profesa akatoa funguo mfukoni.

Profesa: — Linafika, mzee. Hata leo.