Bata Mwenye Kofia

Ndani ya basi la Longbridge, Glenys, kofia yake kuukuu yenye ua kichwani, alikuwa amepakata kadi ya maonyesho ya magari ya zamani: "Injini hii ya Mini ilitengenezwa kiwandani Longbridge, na marehemu mume wangu." Mbele yake wazee wawili wasiojuana walikuwa wameshashikana kwa maneno.

"Mini ni ya Oxford, bwana! Nimeziunganisha kule miaka tisa," alisema yule mnene.

Glenys akaifunika kadi kwa mkoba. Ina maana mumewe Wilf alimdanganya maisha yote?

"Uliunganisha bodi, mzee mwenzangu," yule mwembamba akamjibu. "Na injini?"

"Zililetwa na malori."

"Kutoka wapi?"

Mnene akatazama dirishani kama aliyeulizwa umri wa mkewe. "Si huku kwenu! Tena zimechorwachorwa chaki. Mpuuzi mmoja kila Ijumaa alituchorea bata."

"Bata kakukosea nini?"

"Kavaa kofia ya kike! Ina na ua!"

Glenys akashusha pumzi ndefu. Bata huyo alikuwa kwenye kila kadi ya siku ya kuzaliwa aliyowahi kupewa na Wilf.

Basi likasimama. Wazee walikuwa bado wanavutana alipoinuka, kadi yake mkononi, wazi.

"Samahanini," akawaambia. "Hiyo kofia ni yangu."

Akashuka.