Sikio, Binti wa Fundi Redio, Aliyepokea Kazi Iliyoachwa Yatima

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake, kwa kuwa mvua ilikuwa imefunga njia ya zahanati na mkunga alifika amelowa chapachapa. Baba yake alikuwa kaka yangu, fundi redio. Mama yake alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, nami shangazi yake nikamchukua. Sikumzaa, nilimlea, na mtu asiniulize tofauti.

Jina la Sikio alilipata angali mdogo. Alikuwa akikaa chini ya meza ya baba yake, na redio ikikwaruza alisema, "Baba, sogeza ile sufuria." Wateja wakacheka. Sufuria ikasogezwa, redio ikasikika, wakanyamaza. Kaka yangu alikuwa ameandika sheria moja ukutani kwa chaki: redio iliyoingia ikisikika isitoke imenyamaza. Maana wapo mafundi ambao ukiwapelekea redio yenye kitufe kibovu, wanakurudishia kitufe kizima na redio bubu. Sheria hiyo ishikeni, tutaihitaji mbele.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, kisha sekondari ya bweni, akahitimu mwaka 1997. Mwalimu wa hesabu aliandika kwenye ripoti kwamba binti anauliza maswali kupita kiasi. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nilifunga safari kwenda kumuuliza huyo mwalimu, kama maswali hayatakiwi shuleni, yapelekwe wapi? Muhula uliofuata aliandika kwamba binti ni mdadisi. Mwaka 2001 marehemu alipata stashahada ya elektroniki katika chuo cha ufundi.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kutunza kompyuta za maktaba ya chuo, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipoishiwa nguvu. Huko maktaba ndiko alikoujua mfumo endeshi huria. Kwa wenzangu tusiojua, mfumo endeshi ni programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuiongoza. Ipo ya kununua, na ipo hii ya huria, inayotengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kusaidiana: anayeona tundu, yaani kasoro, anashona kiraka cha kulirekebisha na kukituma. Kila sehemu ina mtunzaji wake, anayepokea viraka vya watu, kuvisoma, kuvijaribu, kisha kuvipitisha au kuvirudisha. Sehemu ya mtandao usio na waya, huu mnaoushika kwa simu zenu hata sasa ninaposoma, nayo ilikuwa na mtunzaji.

Tarehe 16 Desemba 2006 aliolewa na mpima ardhi, mtu mpole mwenye maneno machache yaliyochongoka. Alipoingia mara ya kwanza kwenye chumba cha kazi cha mkewe aliruka nyaya tatu, wa nne ukamwangusha. "Mke wangu," akasema akiwa sakafuni, "si uliniambia kazi yako haina waya?" Mungu aliwajalia binti na mvulana.

Mwaka 2013 yule mtunzaji wa mtandao usio na waya aliacha kazi, amechoka. Hakumkabidhi mtu. Kazi ikabaki yatima, viraka vya watu vikalala bila msomaji, matundu yakapanuka. Wote walilalamika, na kila mmoja alimtazama mwenzake. Marehemu akanyoosha mkono. Mumewe akamuuliza mezani, nikiwa nimekaa hapo hapo, "Umeomba kazi ambayo mwenyewe ameikimbia?"

"Hajaikimbia, amechoka. Aliyechoka anapokewa mzigo."

"Na wewe ukichoka?"

Hakumjibu siku ile. Jibu lilimchukua miaka kumi na moja.

Alianza kwa kusoma viraka vyote vilivyolala, na kila aliyetuma alimwandikia kwa heshima, hata waliomtukana kwa kuchelewa. Lakini hakuwa malaika, na asingependa nimsome kama malaika. Mwaka 2016 fundi wa kampuni moja kubwa alileta kiraka kizuri cha kusafisha mambo ya zamani. Sikio akakisoma, akakijaribu kwenye kompyuta zake zote, akakipitisha. Haikupita muda, kompyuta yangu kuukuu, aliyoniwekea mfumo huo huo, ikakataa mtandao. Nikampigia.

"Sikio, hiki kitu chako kimekuwa bubu."

"Umezima ukawasha, shangazi?"

"Nimezima, nimewasha, nimekikemea. Bado kipi?"

Alikuja na basi la asubuhi. Akakaa mezani kwangu, akafungua, akatazama, akashika kichwa. "Shangazi, ni mimi. Nimekinyamazisha mwenyewe." Vifaa vyake vyote alivyojaribia vilikuwa vipya. Vya zamani, ambavyo shule na zahanati nyingi bado zinavitumia, hakuwa navyo hata kimoja. Hakumtupia lawama aliyeleta kiraka. Aliwaandikia wote kwamba kosa ni la mtunzaji, akakiondoa. Yule fundi wa kampuni akajibu kwamba vifaa hivyo ni vya kuwekwa makumbusho. Marehemu akamwandikia sheria ya baba yake, ile ya chaki, neno kwa neno. Tangu hapo kiraka kilichogusa vifaa vya zamani hakikupita mpaka kijaribiwe kwanza kwenye ile kompyuta yangu kuukuu, na wenzake wa nchi mbalimbali wakauita mtihani wa shangazi. Nimefelisha wahandisi wengi, nasema bila majivuno. Majivuno kidogo.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alikwenda kusafishwa damu hospitalini, na kompyuta ilikwenda naye. Wauguzi walimgombeza, kisha wakamletea mto wa kuiegemeza. Maumivu aliyavumilia. Kilichomnyima raha ni ile kazi kurudi uyatima. Kati ya wote alimtaka mmoja, fundi wa mji wa mbali ambaye nyumbani tulimwita Mbishi, kwa jinsi alivyobishana naye kwa barua miaka nenda rudi bila kuonana uso kwa uso.

"Huyo si ndiye anayekusumbua?" mumewe akauliza.

"Ndiye. Wanaonisifu hawasomi. Huyu anasoma mpaka nukta."

Mbishi alikataa. Alisema vifaa vipya anaviweza, ila vya zamani ni kuvipa pole tu. Marehemu hakumbembeleza. Alimtumia namba yangu ya simu. Akanipigia, sauti nzito yenye haya.

"Shikamoo shangazi. Sasa mimi nikiharibu?"

"Marahaba. Utaharibu. Mwenzako aliiharibu hii hii ya mezani kwangu, akaja kuitengeneza. Swali ni kama utapanda basi."

Akaaga, akakata simu. Kisha akaleta kiraka chake cha kwanza cha vifaa vya zamani. Kwangu kikafeli. Akaleta cha pili, kikafeli. Cha tatu kikapita, nami nikampigia Sikio wodini, akacheka mpaka muuguzi akaja. Mwezi Machi 2024 aliliondoa jina lake penye nafasi ya mtunzaji, akaweka la Mbishi kwa mkono wake. Akamgeukia mumewe: "Uliniuliza nikichoka. Ndiyo hivyo."

Alifariki tarehe 21 Mei 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, binti na mvulana, mimi shangazi yake, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na watu wasiohesabika ambao leo wamefungua kompyuta zao, mtandao ukashika, wala hawakujiuliza nani kaushikisha.

Mbishi amekuja. Ni yule mrefu aliyesimama nyuma. Jana alipoingia nyumbani kwangu alinisalimu, akatoa pole, kisha akaomba kuiona ile kompyuta yangu kuukuu. Akakaa kwenye kiti alichokalia Sikio siku ile, akaiwasha, akasubiri.

"Imeshika, shangazi."

"Naona, mwanangu."

Sikio, uliingia duniani ukisikika, na hukutoka umenyamaza. Mzigo umepokewa. Sasa lala kwa amani.