Zamu ya Kupumzika

"Nani alikutuma umwagilie maji kwenye zamu yangu?" seremala alimfokea jirani yake, mshona nguo, na basi zima likatega sikio. "Miche mia mbili imeoza mizizi kwa kunyweshwa mara mbili kwa siku!"

Mshonaji alitazama dirishani. Kikundi chao cha kupanda miti kando ya mto kilikuwa na sheria moja isiyochezewa: aliye kwenye wiki ya kupumzika hagusi ndoo. Yeye aliigusa, alfajiri tatu mfululizo.

"Usingizi haunijii, kaka. Kona ya juu ya mto bado iko wazi, haina miti, na mvua hazina simile. Nimechoka. Leo naacha kikundi."

"Umechoka kwa sababu unaubeba mto kama mtoto wako wa pekee. Hebu niambie, mwaka jana mafuriko yaliishia wapi?"

"Kwenye miti yetu," alisema mshonaji, na kifua kikamtuna bila ruhusa yake.

"Nyumba arobaini zililala pakavu!" alidakia mama wa kiti cha nyuma, ambaye hakuna aliyemuuliza.

"Umesikia? Na tulipanda watu kumi na tisa, si wewe na ndoo yako."

"Lakini nikikaa bure, moyo unanienda mbio."

"Basi uje uende mbio kwetu."

Basi likasimama mbele ya nyumba ya seremala. Akamshika dada wa watu mkono. "Wifi yako amepika, na kikundi kizima kimejaa sebuleni, kinangoja kukusema mbele ya macho yako. Ingia ule kwanza. Utaacha ukishashiba."