Roelof Dijkema na Kiraka Kisicho na Pancha

Groningen, Ijumaa, 29 Novemba 2024. Katika mwaka wangu wa ishirini na nane tangu niondoke Bukavu, wenzangu wa kazini wamenipa kazi ya kumwandikia Roelof Dijkema, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na minane kwenye maegesho yetu ya baiskeli ya stesheni ya treni.

Alianza mwaka 1986 kama mlinzi wa zamu ya asubuhi. Alipewa cheo mara mbili, akakikataa mara mbili. Ofisini, alisema, hakuna watu wa kutania. Baiskeli nyingi anazijua kwa mlio wa kengele. Siku za mvua, yaani siku nyingi, hupita akifuta viti vya baiskeli za watu kwa kitambaa chake mwenyewe. Abiria akilia kwamba ameibiwa, Roelof humshika kiwiko: "Baiskeli yako ipo, bibie. Aliyepotea ni wewe." Kisha humpeleka hadi ilipo.

Mimi huniita profesa, kwa sababu ya kitabu ninachobeba mfukoni. "Vipi profesa, leo upepo umekushinda?" Kila asubuhi nilijibu kwamba nimeushinda mimi. Nilisema uongo. Nilikulia kwenye vilima, kwa miguu; sikuwahi kujifunza kuendesha baiskeli. Katika mji ambao bibi wa miaka themanini huendesha huku ameshika mwavuli, niliona haya kukiri. Niliisukuma yangu kutoka nyumbani hadi kazini, nikidai nimeshuka kona ya mwisho tu ninyooshe miguu.

Machi 1999, saa saba na nusu mchana, Roelof alinipigia simu nyumbani, siku yangu ya mapumziko. Aliyepaswa kumpokea zamu alikuwa mgonjwa, na saa nane bintiye Fenna, wa miaka saba, angeogelea mbele ya wazazi kupata cheti chake, akiwa na nguo na viatu kama ilivyo desturi huku. "Kwa baiskeli ni dakika kumi tu, profesa. Utaniokoa?"

Nikasema ndiyo. Nikaisukuma baiskeli kwenye mvua dakika arobaini. Karibu na stesheni nilisimama nyuma ya ukuta, nikafungua vali ya gurudumu, nikatoa upepo wote. Nikamwambia nimepata pancha. Alikimbia hadi bwawani, lakini Fenna alikuwa amekwisha kujifuta maji.

Kesho yake, wakati wa chai, alitusimulia swali la mtoto: "Baba, ulikaa upande gani? Sikukuona." Akacheka. Mimi nilikoroga chai isiyo na sukari. Halafu akaivuta baiskeli yangu azibe pancha. Alizamisha tyubu kwenye beseni, akaizungusha yote. Hakuna povu lililotoka. Aliyatazama maji, akanitazama. Wenzetu watatu walikuwa wamesimama pale. Akaikausha tyubu nzima, akabandika kiraka. "Nimekapata," alisema kwa sauti. "Katundu kama jicho la sindano."

Hakuniuliza kamwe. Nami sikumwambia, miaka ishirini na mitano.

Fenna, utakuwepo leo. Baba yako hakukawia kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyemkawiza. Naomba msamaha wenu, mbele ya wote.

Saa kumi na moja tutamsindikiza nyumbani, wote kwa baiskeli kama tunavyowasindikiza wastaafu. Mimi nitafuata kwa miguu, mikono mitupu, bila baiskeli ya kusukuma.

Roelof, asante kwa viti vikavu na kwa ukimya wako. Tunakuombea asubuhi ndefu za kulala hadi uchoke, na afya ya kuzifurahia. Jumatatu mwingine atafungua lango. Roelof harudi.