Yeye au Buibui

Ndani ya treni ya Embakasi, Muthama alikuwa amepakata mkebe wa plastiki angavu wenye buibui wake wa Kitui, mwenye manyoya, mpana kama kiganja. Mama Aoko, abiria wa kando, akasogeza miguu.

"Huyo unampeleka wapi, kijana?"

"Kwa rafiki yangu kule Donholm, mama. Mke wangu Koki alisema nichague, yeye au buibui. Nikadhani ni mzaha."

"Akaenda?"

"Yuko kwao tangu Pasaka."

"Na ukimtoa huyu, ameahidi kurudi?"

"Hapana."

Buibui aliinua mguu taratibu, akagusa plastiki. Muthama alitamani Koki aketi jioni moja tu, amtazame buibui akifanya hivyo.

"Asiporudi utabaki na nani?" mama akauliza.

Treni ikasimama Donholm. Watu wakashuka. Muthama hakuinuka.