Muhuri wa Fundi Rifaat

Mheshimiwa Haji Bahgat, mwenye kiwanda hiki. Waheshimiwa wazee wa mji wetu wa Mit Ghamr. Ndugu wahandisi na mafundi wa tanuri. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe dada Inshirah, mjane wa marehemu Shukri, uliyeketi kule nyuma karibu na mlango: itifaki ingeniruhusu, ningekutaja wa kwanza.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Fundi Rifaat, anayestaafu baada ya miaka thelathini na minane ya kumimina alumini. Nimeagizwa nimsifu, nisiguse yaliyopita. Lakini nitamsifuje mtu huyu bila kuyagusa?

Nilipofika hapa, binti wa chuo mwenye kucha safi, magurudumu ya bajaji tulikuwa tukiyamimina kwenye mchanga. Siku ya kwanza Fundi alivunja vipande viwili mbele yangu.

"Tazama, Bi Mhandisi. Hiki kimepoa mchangani, polepole. Chembe zake nene kama chumvi ya mawe. Hiki kimepoa haraka kwenye kalibu ya chuma; chembe zake laini kama unga. Mama yako ungempandisha kwenye kipi?"

"Cha kalibu."

"Alhamdulillahi, kumbe chuoni hamkuwa mnakula maharage tu!"

Ni yeye aliyembembeleza Haji miaka miwili mpaka kalibu za chuma zikanunuliwa. Ni yeye pia aliyetufundisha kwamba kumimina ni nusu ya kazi. Gurudumu likishatoka kwenye kalibu hurudishwa motoni, likakaa kwa muda wa saa nane katika joto linalokaribia kuliyeyusha; likazamishwa majini ghafla; kisha likaokwa tena kwa moto mdogo mpaka likakomaa. Ukilipunja moto huo, litang'aa vilevile na uzito utakuwa uleule. Udhaifu wake utakuwa ndani, na macho hayaoni ndani.

Kiangazi cha mwaka juzi gesi ilipunguzwa, na mnunuzi alikuwa akipiga simu kila saa. Magurudumu mia tatu na sitini yalikuwa yakingoja. Aliyeamua yakae motoni saa mbili badala ya nane, na yasiokwe tena, ni nani? Ni mimi, Nirmin, mkuu wa ubora.

"Hayajaiva hayo," Fundi aliniambia.

"Nimepiga hesabu, Fundi. Yatastahimili."

"Umeyapima?"

"Hakuna nafasi ya kupima."

"Basi mimi siyagongi muhuri."

Akaenda kuswali adhuhuri. Muhuri wake ukabaki mezani. Nikauchukua, nikayagonga yote.

Haji, tafadhali usisimame. Dakika zangu hazijaisha.

Shukri nyote mlimjua. Alikuwa akitupakia kila asubuhi na bajaji yake, akipiga kelele, "Pandeni enyi watu wa motoni, mimi nawapeleka tu, kuwatoa ni kazi ya Mungu!" Miezi minne baadaye, kwenye mteremko wa daraja la kwenda Zifta, gurudumu lake la mbele lilikatika. Hakufika hospitali.

Kamati ya kiwanda ilikaa siku moja. Ilisema gurudumu lilimiminwa vibaya, na muhuri ulikuwa wa Rifaat. Fundi aliyetufundisha sote akaondolewa tanurini, akapewa kazi ya kuchambua vyuma chakavu uani. Baadhi yetu tuliacha kumwamkia. Nami nilipita mbele yake kila siku, mwaka mmoja na nusu.

Mwezi uliopita nilikata kipande cha gurudumu lile, nikakisugua, nikakiweka chini ya hadubini. Umiminaji hauna tundu hata moja. Lakini silikoni tunayoichanganya na alumini imesimama ndani yake kama sindano, sindano ambazo moto wa saa nane ungezifanya duara. Mahali penye sindano ndipo ufa ulipoanzia. Kipande hicho, pamoja na maelezo niliyoyatia saini, nimevifikisha kwa mwendesha mashtaka asubuhi ya leo.

Ndugu mafundi, magurudumu ya fungu lile bado yako barabarani. Namba zake nimezibandika mlangoni. Ukiliona moja, msimamishe dereva, hata kama atakutukana.

Wiki iliyopita nilimwendea Fundi nyumbani. Nikamuuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

Akanimiminia chai. "Nilijua utasema mwenyewe kesho yake," akasema. "Ilipofika kesho, nikasema labda kesho. Baadaye nikaona haya kukusemea jambo ulilokuwa ukilijua."

Fundi Rifaat, hukukosea. Nalisema hili mbele ya wale walioambiwa kwamba ulikosea.

Dada Inshirah, sikuombi msamaha hapa. Mbele ya watu wote hawa ungejiona unalazimika kunijibu, na mimi sina haki ya kukulazimisha lolote.

Kwa kunivumilia mpaka neno la mwisho, asanteni.